Salongo ya Mama Josué

Nilimfahamu Annonciata kwa sababu ya skafu. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2003, joto la Fort Worth limelala juu ya lami kama pasi, na mwanamke mmoja amekaa kiti cha nyuma kanisani amejifunga skafu ya sufu shingoni kana kwamba nje kunaanguka theluji. Mimi ni muuguzi. Muuguzi haangalii skafu, anaangalia kilichofichwa na skafu. Ibada ilipokwisha nilimfuata na kumwambia bila kuzunguka, "Mama, hebu fungua hiyo kitu nione."

Sisi watu wa Chuka, kule Kenya, tunajulikana kwa kukosa adabu za namna hiyo. Yeye alicheka, akafungua. Shingoni alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi, mkubwa kuliko ngumi yangu, umeegemea upande wa kushoto. Alipovuta pumzi nilisikia mluzi mwembamba.

"Imekaa miaka ngapi?" nikamuuliza.

"Ilianza wakati niko na mimba ya Josué. Kule kambini banasema ni chumvi tu. Hainiumi, dada. Inanikaba tu wakati minalala."

Inanikaba tu! Hiyo "tu" yake ilinikera wiki nzima. Annonciata alikuwa mtu wa Uvira, mashariki ya Kongo. Mumewe aliuawa vitani, yeye akavuka ziwa na mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, akakaa kambini Kigoma miaka, hadi alipoletwa Texas na watoto wake wawili, Josué na Élodie, pamoja na wifi yake Anastasie, dada wa marehemu mumewe. Yote hayo alikuwa ameyabeba bila kulalamika, na sasa kamba inamkaza shingoni, yeye anasema "tu". Watu wavumilivu wananichosha. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari, siku yangu ya mapumziko, huku nikinung'unika njia nzima, naye akinichekea njia nzima.

Daktari wa upasuaji alisema rovu lile litolewe, na lisicheleweshwe mno, maana lilikuwa limeanza kusukuma bomba la hewa. Basi jambo likawa moja tu: Annonciata awe na kadi ya matibabu mpaka siku ya kisu. Miezi ya mwanzo wakimbizi wana kadi yao. Ikiisha, mama mwenye watoto wadogo na asiye na kipato anahamia kwenye msaada wa jimbo, na kadi inafuatana na msaada huo.

Ila msaada wenyewe ulikuwa umewekewa masharti. Miaka ya tisini wakubwa wa nchi hii walikaa wakaamua kwamba maskini akipewa bila kufanya kazi anaharibika, kama maziwa yaliyoachwa juani. Sheria ikabadilishwa. Ukitaka msaada, uwe kazini, au unatafuta kazi, au unafanya kazi ya kujitolea mahali walipokupangia, saa thelathini kila wiki. Ukikosa bila sababu, fedha ya nyumba nzima inakatwa, na mama ananyang'anywa kadi yake. Watoto wanabaki na zao, wakubwa wakaona hapo wametenda wema.

Nilitumaini daktari angeandika kwamba hawezi kazi. Aliandika kwamba anaweza kazi nyepesi. Basi akapangiwa ghala la shirika moja la hisani, kuchambua nguo kuukuu: za baridi huku, za joto kule, zilizochanika kwenye pipa. Kwa aliyekaa ofisini penye kiyoyozi, hiyo ni kazi nyepesi. Hajavuta lile vumbi.

Kanisani kwetu Arlington habari hizi zilizungumzwa kwa namna yake. Mzee Absalom, mhasibu, mtu wa suti hata siku ya pikiniki, alisema mbele ya chai, "Hawa refugees wanapewa kila kitu bure. Sisi tulikuja hapa tuka-hustle, hakuna mtu alitushika mkono."

Nikamuuliza kama angependa apewe na rovu, maana nalo Annonciata alipewa bure. Hakunisemesha mwezi mzima, nami nilipumzika vizuri sana.

Siku ya kwanza ya kazi nilimpeleka kwa gari langu, kwa kuwa basi halifiki kule. Alikuwa amevaa kitenge kipya na furaha ambayo sikuielewa.

"Mama Josué, unaenda kazi ya bila mshahara, mbona unacheka?"

"Ni salongo, dada! Miye najua salongo."

"Salongo ndio nini?"

Akanishangaa, mtu mzima na masomo yangu yote. "Wakati ya Zaïre, kila samedi, Jumamosi yenu, asubui, bote tunatoka na majembe na mifagio. Tunafagia barabara, tunatoboa mifereji. Chef wa avenue anapita, anahesabu nyumba. Nyumba ikikosa mutu, banaipiga amende, inalipa. Miye nilianza niko mutoto, juu mama alikuwa na mimba na miguu imevimba."

"Kwa hivyo mama yako akapewa ruhusa, wewe ukaenda."

"Ruhusa ya nini? Nyumba yetu ilikuwa pale. Salongo ni ya nyumba, haiko ya mutu moja. Na kama umeleta mutu mupya, unamuonyesha kwa chef, ajue sura yake, amushukuru. Njo heshima."

Hata kambini, aliniambia, ilikuwa hivyo hivyo. Kuchimba vyoo, kubeba mawe, jina lililoitwa lilikuwa la nyumba, na nyumba ikatoa mikono iliyokuwa na nguvu siku ile. Serikali inakulisha, nyumba yako inatoa kazi. Kwake mambo ya Texas yalikuwa wazi kabisa, na alifurahi kuona Wamarekani nao wana akili.

Alichapa kazi. Msimamizi wa ghala, mama Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito, alimpenda mpaka akamletea kiti chenye mto. Annonciata alijifunza saizi zote za nguo kwa Kiingereza, akawafundisha wanawe kana kwamba wao hawakuzijua. Jioni aliwaambia Josué na Élodie kwamba mama yao anafanya kazi ya serikali. Mwanzoni mwa mwaka 2004 hospitali ikampa tarehe ya upasuaji, mwezi wa tano. Siku ile alicheza ngoma jikoni kwangu mpaka pumzi ikamwishia, nikalazimika kumketisha.

Mwezi wa nne Élodie akashikwa na tetekuwanga. Shule ya watoto wadogo ikamrudisha nyumbani, kwa haki kabisa. Annonciata akakaa na mwanawe. Anastasie alikuwa akifanya kazi ya usiku, kupakia masanduku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege za mizigo. Asubuhi alirudi, akanawa uso, akanywa chai, akajivika kitambulisho cha wifi yake shingoni, akaomba lifti kwa jirani, akaenda kuchambua nguo. Alifanya hivyo wiki nzima. Alilala pale alipopata nafasi, hata ndani ya gari la jirani. Hakuna aliyemwomba. Nyumba ilihitaji mtu, na yeye ndiye aliyekuwa na miguu.

Annonciata ni mfupi, mweupe kidogo, na shingo yake mmekwisha kuijua. Anastasie ni mweusi, mrefu, na shingo yake ni nyembamba kama ya msichana. Kitambulisho kilikuwa na picha. Msimamizi wa siku zote alikuwa likizo, na aliyemshikia nafasi aliona Mwafrika mwenye kilemba, akatia sahihi. Wiki nzima hakutazama uso wa mtu. Najizuia nisiseme ninalofikiri juu yake.

Mimi sikuwa na habari. Siku ya kwenda ofisi ya msaada kukaguliwa nilifika kumchukua Annonciata, nimfanyie na ukalimani kama kawaida, nikamkuta Anastasie naye mlangoni, amevaa kitenge cha mikono mipana, amejipaka mafuta mpaka anang'aa.

"Anastasie anaenda wapi amependeza hivi?"

"Tunaenda naye," akasema Annonciata, na sikuuliza zaidi.

Afisa alikuwa kijana mwenye tai iliyolegea. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama kompyuta, akatabasamu, akaniambia nimweleze Annonciata kwamba saa zake zote zimetimia, hata wiki moja hajakosa, na kwamba laiti wote wangekuwa kama yeye. Nikatafsiri. Annonciata akasimama. Akamshika Anastasie mkono, akamsogeza mbele ya meza, na kwa Kiingereza ambacho bila shaka alikuwa amekifanyia mazoezi akasema kwamba huyu ni dada yake, na wiki moja alifanya kazi yeye, kwa ajili ya nyumba yake. Kisha akangoja, uso umejaa furaha. Alikuwa anamwonyesha chef sura mpya.

Nilimkanyaga mguu, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Kijana akaniuliza anasema nini. Nikamjibu kwa uso mkavu kwamba anamshukuru dada yake kwa kukaa na mtoto mgonjwa.

"Hapana, dada, haiko vile," Annonciata akanisahihisha, kwa sauti ya kunihurumia, kama mimi ndiye nisiyejua lugha. "Miye njo nilikaa na mutoto. Anastasie njo alifanya kazi." Na ili kijana asikose kuelewa, akajigusa kifua na kubembeleza mtoto hewani, kisha akamnyooshea Anastasie kidole na kukunja shati lisilokuwepo. Anastasie akainamisha kichwa kwa haya, akingoja kushukuriwa.

Kijana aliacha kutabasamu. Alitoka, akarudi na mkubwa wake, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Huyo akataka kujua kwa nini Annonciata hakupiga simu. Mtoto kuugua ni sababu inayokubalika, akaeleza. Angepiga simu tu, wiki ile angesamehewa, na leo tusingekuwa hapa.

Nikamtafsiria Annonciata. Alikunja uso akifikiri kwa bidii.

"Sasa ile kazi ingefanywa na nani?" akauliza.

Nililitafsiri swali hilo neno kwa neno. Yule mwanamke alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kwa sheria yao, angekaa nyumbani asilete mtu, angekuwa salama. Kosa lake ni kwamba aliileta kazi. Waliandika kuwa ametoa saa ambazo hakuzifanya. Msaada ukakatwa, kadi ya matibabu ikaenda nao, na aliambiwa kwamba akitaka kuomba upya afanye kwanza mwezi mzima wa saa zake, kwa mikono yake mwenyewe. Tena ashukuru, akasema mwenye miwani, kwamba hapelekwi mahakamani.

Hospitali ikafuta tarehe ya mwezi wa tano. Nilifanya kazi katika jengo lilelile, nilijua ofisi ya kupanga wagonjwa iko ghorofa gani, na nilipanda huko mpaka ikawa wakiniona wanaanza kujifanya wanaongea na simu. Mpango wa wasiojiweza wa wilaya ulikuwa na foleni ndefu ya miezi. Nikasema basi tukate rufaa.

Rufaa ilisikilizwa kwa simu, jikoni kwangu, simu imewekwa katikati ya meza sauti ikiwa juu. Aliyesikiliza shauri alikuwa mwanamke wa sauti ya upole. Nadhani alitaka kutusaidia. Aliuliza mara mbili, taratibu: je, inawezekana kwamba Anastasie alichukua kitambulisho bila Annonciata kujua?

Nilitafsiri swali, kisha nikaongeza la kwangu, "Sema ndiyo, Mama Josué. Sema tu ndiyo, utapasuliwa."

Anastasie alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Naye akasema, "Sema, wifi. Miye sina neno."

Annonciata alitutazama wote wawili. Mluzi wa pumzi yake ulisikika jikoni kote, na sina shaka ulisikika hata upande wa pili wa simu. Kisha akainama juu ya meza na kusema "No", kwa nguvu, ili asihitaji mkalimani.

"Anatoka kazi, hajalala, anaenda kunifanyia," akaniambia baadaye, machozi yakimtoka. "Halafu miye nimuite mwizi? Ukimuita mutu mwizi juu ya shingo, hiyo shingo itakusaidia nini?"

Nilimkasirikia mno siku ile. Nilimwambia ana kichwa kigumu, nilimwambia ana watoto. Rufaa ikaanguka.

Akarudi ghalani kuanza mwezi wake. Na hapa ndipo aliponiuma kuliko kote, kwa sababu alibadilika. Hakumruhusu tena Anastasie hata kumbebea mfuko mpaka garini. Akioshewa vyombo, anavirudia. Bernadette, jirani yao, alipojifungua na wanawake wakapangana zamu za kumpikia, Annonciata hakujitokeza. Nilipomuuliza, akasema kwa sauti tambarare, "Hapa kila mutu na yake." Aliyekuja na ujirani wote wa Uvira kichwani, walimfundisha hilo kwa miezi michache.

Juni ile lile ghala lilikuwa tanuri. Msimamizi, aliyekuwa amerudi, alimwekea feni, alimpa kazi ya kukaa. Haikusaidia. Annonciata alikuwa anakula uji tu, maana kigumu hakikupita. Nilimwambia apige simu aseme anaumwa. Ni ruhusa, walisema wenyewe, nilikuwepo.

"Nikisema kweli, banakata," akanijibu. "Ungesema bongo yako, ile uongo, ile siku miye nikanyamaza, bangetuacha. Hii bureau, ofisi yao, siijue, dada. Miye sisemi kitu tena. Nitafanya tu, iishe."

Haukuisha. Jumapili moja baada ya ibada, zikiwa zimebaki siku chache mwezi wake utimie, nilikuwa zamu hospitalini pale gari la wagonjwa lilipomleta. Damu ilikuwa imevuja ndani ya rovu, likavimba ghafla mezani wakila, Josué ndiye aliyepiga simu ya dharura. Annonciata alikuwa ameketi wima kitandani, ameshika vyuma vya pande zote mbili, macho yamemtoka. Daktari wa upasuaji aliitwa kutoka nyumbani. Ni yuleyule aliyekuwa ampasue mwezi wa tano. Hakuna aliyeuliza kadi. Mtu anayekata roho haombwi kadi, sheria ni ya huruma hapo. Chumba kilekile, kisu kilekile, serikali ileile inalipa, na inalipa zaidi.

Tulipokuwa tukimsukuma kwenda ndani alinivuta mkono. Nikainama mpaka sikio langu likagusa midomo yake.

"Kesho," akasema, neno moja kwa kila pumzi. "Kule nguo. Usitume mutu."

"Sitamtuma mtu, Mama Josué."

Akaniachilia. Alifariki jioni ile kabla hawajamaliza.

Asubuhi ya Jumatatu nyumba yao ilikuwa imejaa. Wanawake wa Kikongo walikuwa wameketi chini, magodoro yametandikwa sebuleni, wakilia kwa zamu. Absalom alikuja na suti yake, akabeba viti kutoka kanisani, nami nikavipokea mlangoni. Watoto walikuwa kwa Bernadette. Anastasie aliinuka kwenye godoro, akaenda bafuni, akarudi amefunga kilemba. Akaniomba nimpeleke mahali. Nikadhani ni mochwari, nikachukua funguo.

Njiani akanionyesha tutokee wapi, na tukafika ghalani. Msimamizi alikuwa amekwisha kupata habari, alikuwa analia mlangoni. Anastasie hakuwa na kitambulisho. Alipita, akaenda kwenye meza ya wifi yake, akaanza kuchambua. Nilimwambia haina maana tena, Annonciata hayupo, hakuna kadi ya kuokoa. Nilimwambia hata yeye mwenyewe alisema asitumwe mtu.

"Hamukunituma," Anastasie akasema, na mikono haikusimama.

Alikwenda kila siku mpaka siku zilizobaki zikaisha, waombolezaji wakimngoja nyumbani ili tuzike. Watu wengine walinong'ona kwamba amerukwa na akili kwa uchungu. Hakuna aliyeandika saa zake popote. Siku ya mwisho alifagia chini ya meza, akajikung'uta vumbi, akasimama mbele ya msimamizi kama anavyosimama mtu mbele ya chef.

"Muambie," akaniambia. "Nyumba ya Annonciata imemaliza."

Nikamwambia.